Kigae Chenye Tundu: Uhakiki wa Maandiko ya Kiakiolojia kuhusu Vifaa vya Kusokotea Uzi, kutoka Kilwa hadi Uwanda wa Kati wa Tanzania

1. Utangulizi

Uhakiki huu unahusu kundi dogo la maandiko juu ya kitu kidogo. Kitu chenyewe ni kisahani cha udongo wa kuchoma, mara nyingi kilichochongwa kutokana na kigae cha chungu kilichovunjika, chenye tundu moja katikati. Kisahani hicho kikichomekwa kwenye kijiti, hukipa kijiti uzito wa kuzunguka kwa muda mrefu na kwa mwendo ulio sawa, huku msokotaji akivuta pamba kidogo kidogo hadi iwe uzi. Nguo huoza, kijiti huliwa na mchwa; kigae hubaki. Ndiyo maana, katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, anayetafuta ushahidi wa vitu kuhusu nguo zilizotengenezwa hapa kabla ya karne ya 16 huishia mikononi mwa vigae hivi.

Pale ambapo nguo yenyewe imesalimika, sababu huwa ya kipekee. Huko Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi nchini Zambia, vipande vya nguo vilihifadhika makaburini kwa kuwa viligusana na shaba, na chumvi za shaba huzuia uozo. Makaburi hayo yaligunduliwa mwaka 1960 kutokana na shughuli za ujenzi. Bahati ya namna hiyo haiwezi kuwa msingi wa historia ya eneo zima. Kigae kinaweza.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni jinsi wanaakiolojia, pamoja na waokotaji wa vitu vya kale wasiokuwa wanaakiolojia, walivyokisoma kigae hiki: wamekifanya ushahidi wa nini, na wamekinyima kuwa ushahidi wa nini. Ninaliuliza swali hili kutoka Dodoma, katika uwanda ambao maandiko kuhusu kusokota ni haba na ambao, katika vitabu vingi vya historia ya biashara, huonekana kama njia ya kupitia misafara tu. Hoja yangu ni kwamba uhaba huo umetokana kwa kiasi kikubwa na namna ya kusoma, wala hautokani na ardhi peke yake.

Neno moja kuhusu wakati. Istilahi ya zama za kati za awali ni ya historia ya Ulaya, ikihusu takribani karne ya 5 hadi ya 10 au ya 11. Ukiihamishia pwani ya Waswahili bila tahadhari, unapata tatizo ambalo ni muhimu kwa mada hii: katika karne hizo, kigae kilichofanyiwa kazi ambacho ni maarufu zaidi katika pwani hakikuwa cha kusokotea, bali cha kusagia shanga. Vifaa vya kusokotea vinajitokeza kwa wingi baadaye, hasa tangu takribani karne ya 12. Ninalitumia jina la zama za kati kama kipimo cha kulinganishia tu.

2. Kifaa na jina lake

Kiswahili kina msamiati mzuri wa kufuma. Tuna mfumi, tuna kitanda cha mfumi, tuna mtande kwa nyuzi zinazotandazwa na mshindio kwa uzi unaopita kati yake. Tuna kusokota kwa kazi ya kutengeneza uzi wenyewe, na kitenzi hicho hicho hubeba kamba, tumbaku, tumbo linalouma na mengine mengi. Kisahani kinachokaa kwenye kijiti cha kusokotea, hata hivyo, hakina jina moja lililozoeleka miongoni mwa waandishi wa taaluma. Atakayeandika tasnifu kwa Kiswahili hujikuta akieleza badala ya kutaja. Katika uhakiki huu nitakiita kisahani cha kusokotea, au kisahani tu pale ambapo muktadha unatosha.

Suala hili si la istilahi peke yake. Msamiati wa kufuma ulidumu kwa sababu kufuma kulionekana: kitanda cha mfumi kinachukua nafasi na kazi yake ina mwanzo na mwisho. Kusokota ni kazi ya pembeni, inayofanywa huku mtu akiongea, akichunga, akitembea. Ndiyo kazi iliyokula saa nyingi zaidi, kwa kuwa mfumi mmoja huhitaji uzi wa wasokotaji kadhaa, na ndiyo iliyoacha maneno machache zaidi. Ripoti za uchimbaji zimeurithi mpangilio huo huo wa umuhimu. Zinasema nguo ilifumwa, kisha zinataja visahani kama uthibitisho; mara chache husema uzi ulisokotwa, na nani, na kwa saa ngapi.

Kitu kingine kinachofichwa na ukosefu wa jina ni kwamba tundu halithibitishi matumizi. Kigae cha duara chenye tundu kinaweza kuwa cha kusokotea, uzito wa wavu, kizibo, pambo, au mchezo wa mtoto. Ili kisahani kisokote vizuri, tundu lazima liwe katikati kabisa, la sivyo kijiti huyumba na uzi hukatika. Uzito nao una maana. Nyuzi za pamba ni fupi, hivyo pamba huhitaji kisahani chepesi kuliko kile kinachofaa kwa sufu au kitani. Tundu lililotobolewa kutoka pande zote mbili huwa jembamba katikati na pana kwenye midomo. Kama lilitumika kwa muda mrefu, kingo zake hulainika. Vipimo hivi vinne au vitano, yaani kipenyo, unene, uzito, kipenyo cha tundu na hali ya kingo, ndivyo vinavyogeuza kigae kuwa hati inayosomeka. Ripoti inayotoa idadi bila vipimo hivyo imetoa hesabu ya vitu ambavyo haijathibitisha ni nini.

3. Kilwa katika juzuu mbili

Andiko la msingi ni la Neville Chittick kuhusu Kilwa, lililochapishwa mwaka 1974 na Taasisi ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki baada ya uchimbaji wa miaka ya 1960. Ni kazi kubwa, na kila anayeandika kuhusu pwani anaidai. Imegawanywa katika juzuu mbili: ya kwanza ni ya historia na akiolojia, ya pili ni ya vitu vilivyopatikana. Visahani vya kusokotea viko humo, vimetambuliwa kwa jina na kazi yao. Chittick hakuvipuuza, na anayemshutumu kwa hilo hajamsoma.

Tatizo liko katika mgawanyo wenyewe. Jina la kitabu linauita Kilwa mji wa Kiislamu wa biashara, na juzuu ya kwanza inaijenga historia kwa misikiti, majumba, masultani, sarafu na vyombo vilivyotoka nje. Vitu ambavyo wakaazi walivishika kila siku vinasubiri juzuu ya pili, vikiwa vimepangwa kwa aina. Msomaji wa juzuu ya kwanza anaweza kuelewa kupanda na kushuka kwa Kilwa bila kujua kuwa mji huo ulikuwa pia mji wa wasokotaji. Mpangilio wa ripoti, ambao kwa mwanaakiolojia ni utaratibu wa kazi tu, kwa mhakiki ni hoja: unasema kilichotengeneza historia ni kipi na kilichoambatana nayo ni kipi.

Hoja hiyo inapata nguvu ya pekee ikisomwa pamoja na tarehe ya Kilwa yenyewe. Masimulizi ya asili ya utawala wa Washirazi yametufikia katika matoleo kadhaa: maandishi ya Kiarabu yajulikanayo kama Kitab al-Sulwa, muhtasari wa João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, na masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Kiini chake kinajulikana na wengi: mgeni anakinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji, na bei yake ni nguo, nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa. Nguo katika kisa hiki inatoka baharini, mikononi mwa mgeni. Mwenyeji ni yule anayeipokea, na kwa kuipokea anapoteza kisiwa.

Wahakiki wamekijadili kisa hiki kama hati ya uhalali wa kisiasa, na hilo ni sahihi. Lakini kiweke kisa hicho kando ya vigae vya juzuu ya pili. Ardhi ya mji huo huo unaodaiwa kununuliwa kwa nguo ya kigeni imejaa vifaa vya kutengenezea nguo. Sisemi kuwa vigae vinalikanusha simulizi. Simulizi la asili halikanushwi kwa kigae, na vigae vingi ni vya wakati wa ustawi wa mji, si wa siku zake za kwanza. Ninachosema ni kwamba simulizi lilitungwa, likasimuliwa na kuandikwa na watu walioishi katika mji uliosokota, na bado likaiweka nguo upande wa wageni. Hilo ni uamuzi wa kifasihi. Nguo iliyofumwa mjini ilikuwa ya kawaida mno kubeba uzito wa bei ya kisiwa. Anayesoma tarehe bila vigae anaichukua nafasi hiyo ya nguo kama habari, kumbe ni thamani.

Vyanzo vya maandishi vya nje havikosi ushahidi wa upande wa pili. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anataja nguo zilizotengenezwa Mogadishu na kupelekwa hadi Misri. Maelezo ya safari ya Francisco d'Almeida ya mwaka 1505 yanataja pamba iliyostawi katika kisiwa cha Kilwa. Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofuma nguo nyeupe za pamba na, kwa kukosa ufundi wa kutia rangi, wakafumua nguo za buluu zilizotoka Cambay ili wachanganye uzi wake na wao. Maelezo haya ya Barbosa yananukuliwa mara nyingi kama ajabu ya ufundi. Kwangu yana maana kubwa zaidi: nguo ya kigeni iliingia Sofala kama malighafi. Aliyeifumua hakuwa mnunuzi wa mwisho tu, alikuwa mtengenezaji mwenye chaguo.

Wanahistoria wa uchumi wameyatumia haya vizuri kuliko wanaakiolojia. Jeremy Prestholdt (1998) aliionyesha pwani kama jamii yenye ladha yake katika matumizi ya nguo, na William Gervase Clarence-Smith aliziweka nguo za Afrika ya Mashariki katika mizani moja na za pembezoni nyingine za Bahari ya Hindi. Hata hivyo kisahani, katika maandiko ya aina hii, huonekana katika aya ya kwanza kama ithibati kuwa kazi ilikuwepo, kisha hupotea pindi hati zinapoanza kusema. Ni ushahidi unaoalikwa mlangoni lakini haukaribishwi ndani.

4. Mfano wa Tumbe

Kwamba kigae kidogo kinaweza kubeba hoja nzima kumethibitishwa na makala ya James Flexner, Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette (2008) kuhusu vigae vya kusagia shanga vya Tumbe, Pemba, vya karne ya 7 hadi ya 10. Vigae hivyo vina mifereji iliyotokana na kulainishwa kwa shanga za kombe. Waandishi hawakuishia kuvitambua. Waliipima mifereji, wakauliza vigae vilipatikana wapi katika makazi, na kutokana na hayo wakajenga hoja kuhusu uchumi wa kaya: kazi ya shanga ilifanywa nyumbani, na nyumba za kawaida zilikuwa mahali pa uzalishaji ulioingia katika mahusiano mapana ya kijamii na kibiashara.

Hiki ndicho kipimo ambacho ninakitumia kuhukumu maandiko kuhusu visahani vya kusokotea. Ukilinganisha, utaona kuwa kigae cha kusagia shanga kimepata wasomaji wake ilhali cha kusokotea bado kinasubiri. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba shanga za kombe zinaonekana kuwa kitu cha Kiafrika kisicho na mshindani, wakati nguo ya pamba inatazamwa kila mara kwa jicho la nguo ya India. Mtafiti anauliza kwanza kama uzi wa Kilwa ungeweza kushindana na wa Cambay, na swali hilo likishaulizwa, kisahani kinakuwa kielelezo cha udhaifu.

Mpito wenyewe, kutoka karne za kigae cha mifereji hadi karne za kigae chenye tundu, haujapewa uzito unaostahili. Karne hizo hizo ndizo za kuenea kwa Uislamu, za ujenzi wa mawe, na za adabu mpya za mavazi. Kusini zaidi, katika bonde la Limpopo na nyanda za Zimbabwe, visahani vinaanza kuonekana katika wakati unaokaribiana na huo, na Patricia Davison na Patrick Harries waliifuatilia historia ya pamba ya eneo hilo tangu mwaka 1980. Mikono iliyozoea kuchukua kigae kilichovunjika na kukipa kazi ya pili ilikuwepo pwani tayari. Kilichobadilika ni kazi yenyewe.

5. Waokotaji

Maandiko kuhusu visahani hayakuandikwa na wanaakiolojia peke yao. Uingereza ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Huko, watu wanaotembea mashambani na vifaa vya kutambua metali kama burudani ya mwisho wa juma huandikisha vitu wanavyopata katika mpango wa taifa wa kurekodi mambo ya kale ulioanza mwaka 1997 kwa ajili ya England na Wales. Mwaka 2010, kisahani cha kusokotea cha risasi kiliokotwa kwa njia hiyo huko Saltfleetby, Lincolnshire, kikiwa na maandishi ya kiruni yanayosomwa kuwa yanamtaja mungu Odin. Bila mwokotaji, maandishi hayo yasingejulikana.

Sifa hizo zisitufumbe macho. Kifaa cha kutambua metali hutambua metali. Visahani vya risasi vinaokotwa kwa wingi, vya udongo vinabaki shambani, na baada ya miaka kadhaa hifadhidata inaanza kuonyesha kijiji cha zama za kati kilichosokota kwa risasi. Kila namna ya kuokota hutengeneza kale yake. Wachambuzi waangalifu wanalijua hilo. Wasomaji wa ramani za nukta nyekundu mara nyingi hawalijui.

Tanganyika ilikuwa na waokotaji wake. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lilijazwa kwa sehemu kubwa na maafisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na wahandisi walioandika juu ya vitu vya kale walivyokutana navyo wakiwa kazini. Henry Fosbrooke, ofisa aliyeandika kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, ni mfano bora wa kundi hilo, na bila watu wa aina yake tungekuwa na pengo kubwa. Lakini ukilisoma jarida hilo kwa jicho la mhakiki, unaona kuwa mvumbuzi ni yule aliyeandika. Mkulima aliyeonyesha mahali, mchungaji aliyejua pango, mwanamke aliyekuwa amekitumia kigae cha kale kufunikia mtungi, mara nyingi wanatajwa kwa kabila au hawatajwi kabisa. Na ofisa huyo aliokota alichojifunza kukiona: zana za mawe, magofu, michoro. Kigae cha duara chenye tundu hakikuwa na sura ya mambo ya kale.

Leo sheria inamtaka mwokotaji asiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inazuia uchimbaji bila kibali, na inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ninaiunga mkono nia yake. Nina shaka na mwaka wake. Huko Ufipa na katika bonde la Rukwa, kusokota na kufuma pamba kuliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Kisahani kilichochongwa mwaka 1850 ni cha kale kisheria. Kilichochongwa na mjukuu wa mchongaji yule yule, kwa mkono ule ule wa kurithi, hakilindwi kwa kigezo hicho. Sheria imechora mstari katikati ya kazi iliyokuwa haijakatika.

Wilayani Kondoa, ambako michoro ya miambani imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, waokotaji wa aina nyingine wamekuwa na athari. Ni wasaka mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani, ambao wamechimba katika baadhi ya maeneo ya miamba kwa kutumaini dhahabu na sarafu. Lawama wanayotupiwa kwa kawaida ni ya kuharibu michoro. Kwa mada hii, uharibifu mkubwa zaidi uko katika udongo waliougeuza. Kigae kilichotupwa pembeni mwa shimo bado ni kigae, lakini hakina tena tabaka, na kisahani kisicho na tabaka hakiwezi kutuambia kama ni cha karne ya 9 au ya 19.

6. Uwanda wa kati: kutokuwepo na kutokuonekana

Nimefika sasa kwenye eneo ambalo ndilo sababu ya kuyasoma maandiko haya yote. Katika historia ya nguo, uwanda wa kati unaingia kama mahali pa kulipia. Ugogo ya karne ya 19 inajulikana kwa hongo, ushuru ambao watawala wenyeji waliwatoza wenye misafara, na hongo ililipwa zaidi kwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vyenye majina. Richard Burton, aliyevuka Ugogo mwaka 1857, alijaza kurasa kwa malalamiko kuhusu ushuru huo. Mbele zaidi, katika Unyamwezi, kitabu hicho hicho cha mwaka 1860 kinaonyesha vitanda vya wafumi kando ya nyumba za baraza za wanaume. Matokeo yake, msomaji anapata ramani yenye pwani inayofuma, Unyamwezi na Ufipa zinazofuma, na katikati watu wa ngozi wanaodai nguo za wenzao.

Ramani hiyo ina ukweli ndani yake. Mvua za Dodoma ni chache na si za kutegemewa, mifugo ni mingi, na ngozi ilikuwa vazi lenye mantiki kamili kwa wafugaji. Mtafiti asilazimishe pamba mahali ambapo mbuzi walitosha. Ninachopinga ni hatua ya pili, ambayo waandishi kadhaa wanaichukua bila kuitangaza, ya kutoka kwenye kukosekana kwa visahani hadi kwenye kukosekana kwa kusokota.

Kwanza, kusokota hakuhitaji kisahani. Nyuzi za gome la mbuyu husokotwa kwa kiganja juu ya paja, na kamba inayotokana nayo imefunga mizigo, mizinga na mapaa ya uwanda huu kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu. Kazi hiyo haiachi chochote kwenye chekeche la mwanaakiolojia. Tukisema kwamba hapa hapakusokotwa, tumeamua kwamba kusokota ni pamba peke yake. Kiswahili chenyewe, kwa upana wa kitenzi chake, hakijawahi kukubaliana na uamuzi huo.

Pili, kisahani si lazima kiwe cha udongo. Mti, kibuyu na pembe vyote vinafaa, na vyote huoza. Mahali penye visahani vya udongo pengine ni mahali penye vigae vingi vilivyovunjika na ardhi inayovihifadhi, yaani mji uliokaliwa kwa karne nyingi. Kulinganisha Kilwa na makazi ya wafugaji wanaohamahama kwa idadi ya visahani ni kulinganisha idadi ya majalala.

Tatu, na hapa ndipo ninapodhani kuna kazi ya kufanya, uwanda huu haukuwa kisiwa katika karne tunazozizungumzia. Vyungu vya mapambo ya pembetatu, ambavyo Felix Chami aliviweka katikati ya mjadala wa pwani katika tasnifu yake ya mwaka 1994, havikuishia ufukweni. Dakawa, katika mkoa wa Morogoro, imechimbwa na kuandikwa na Randi Haaland na Cornelia Msuya (2000) kama mahali pa ufinyanzi, uyeyushaji wa chuma na biashara. Dakawa iko upande wa bara wa njia ielekeayo Dodoma. Upande wa pili, John Sutton alivitambulisha vyungu vya Lelesu katika Usandawe tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kati ya vituo hivi viwili, makusanyo ya vigae yamechambuliwa kwa swali la aina ya chungu na tarehe yake. Kigae kilichochongwa upya baada ya chungu kuvunjika hakijibu swali hilo vizuri, hivyo huishia kwenye mfuko wa mchanganyiko.

Mfuko wa mchanganyiko hufunguliwa. Kisese II, pango la Kondoa lililochimbwa na Raymond Inskeep mwaka 1956, lilikaa miongo mingi likitajwa kwa ufupi, hadi Christian Tryon na wenzake walipoyarudia makusanyo yaliyohifadhiwa na kuchapisha mwaka 2018 matokeo yaliyobadilisha umri na uzito wa eneo hilo, zikiwemo shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye makumi ya maelfu ya miaka. Shanga hizo ni visahani vidogo vyenye tundu katikati. Watu wa uwanda huu walijua kutoboa duara kabla ya mtu yeyote kupanda pamba Kilwa, na ujuzi huo ulikaa ghalani mpaka alipotokea mtu mwenye swali jipya.

7. Nani alisokota

Limebaki suala la jinsia, ambalo maandiko mengi yanalimaliza kwa kivumishi kimoja. Kisahani kikipatikana, mwanamke anatokea. Dhana hiyo ina mizizi Ulaya, ambako kijiti cha kusokotea kilikuwa alama ya upande wa mama, na visahani vya makaburini vilitumika kwa muda mrefu kuamua jinsia ya mifupa. Afrika haina kanuni moja ya namna hiyo. Livingstone na ndugu yake, katika kitabu chao cha mwaka 1865 kuhusu Zambezi na bonde la Shire, wanamwonyesha mfumi mwanamume akiwa na kiko chake kikubwa, na vitanda vya Unyamwezi katika picha ya Burton viko penye baraza la wanaume. Kwa Kilwa, pengine wanawake walisokota, pengine watumwa wa jinsia zote, pengine wazee. Kila jibu lina maana tofauti kwa namna tunavyouelewa utajiri wa mji ule, kwa sababu saa za kusokota ni saa za mtu fulani. Andiko linalosema wanawake bila kuonyesha chumba, ua au kaburi halijamrudishia mwanamke historia yake. Limempa kazi bila kumuuliza.

Katharine Frederick, katika kitabu chake cha mwaka 2020 kuhusu kufifia kwa utengenezaji wa nguo Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1830 na 1940, analikaribia suala la saa za kazi kuliko watangulizi wake, kwa kuwa anauliza kwa nini mikono iliacha kusokota mahali fulani na ikaendelea mahali pengine. Kipindi chake kinaanza karne saba baada ya visahani vya mwanzo vya Kilwa. Nyuma ya kipindi hicho hakuna hesabu za forodha wala barua za wafanyabiashara za kumsaidia, kuna vigae.

Ugumu wa kuvirudia vigae hivyo hauko katika akiolojia peke yake. Katika nchi ya nyuma ya Kilwa, kumbukumbu ya pamba imetawaliwa na pamba ya shuruti ya Wajerumani, ile iliyong'olewa huko Umatumbi mwezi Julai 1905 na kuanzisha Vita vya Maji Maji. Mwanafunzi anayejifunza kuwa babu zake waling'oa pamba anapata somo la kweli. Haelezwi kwamba, mwendo wa siku chache kutoka shambani pale, watu walikuwa wameipanda, wameisokota na kuivaa kwa hiari miaka mia kadhaa kabla ya mkoloni kuwalazimisha. Visahani vinavyothibitisha jambo hilo vilichapishwa mwaka 1974, katika juzuu ya pili.